Boga Sebuleni: Namna Tunavyofanya Halloween Nyumbani, kwa Giza na Hadithi za Zimwi

Mwaka wetu wa kwanza Minnesota, Marekani, tarehe 31 Oktoba, mlango uligongwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilipofungua nilikuta fuvu la mtu, simba, na malaika aliyevaa koti la baridi juu ya mbawa zake, wote watatu hawanifiki kiunoni, wamenyoosha vindoo vya kuombea pipi, kama watoto wa huku wafanyavyo usiku wa Halloween. Sikuwa na pipi hata moja. Nikawapa ndizi. Fuvu likaitazama ndizi, likanitazama na mimi, likasema ahsante kwa sauti ya mfiwa, wakashuka ngazi. Nikazima taa zote, familia nzima tukakaa kimya mpaka saa tatu kama watu wanaomkwepa mwenye nyumba.

Siku hizi bado tunakaa gizani usiku huo, ila kwa kupenda wenyewe. Hatutoki. Tunachonga boga, tunapika, kisha tunazima taa na kusimuliana hadithi za zimwi kama alivyokuwa akifanya bibi yangu kule Lushoto, ambaye alitutisha mwaka mzima bila kusubiri kalenda ya mtu. Kuogopeshwa usiku huku umeegemea goti la mkubwa ni jambo tulilokulia. Kwa hiyo kama una watoto wadogo, au una zamu alfajiri, au baridi imekushinda, au hupendi tu mwanao azunguke kwenye milango ya watu asiowajua, fuata nilivyopanga hapa chini.

Kubalianeni kwanza nyinyi wakubwa

Watoto wataanza kuuliza tangu mwanzo wa Oktoba, kwa sababu shuleni hakuzungumzwi kingine. Baba na mama wakae chini kabla ya hapo, wajue wanakubali nini na wanakataa nini, maana mtoto akikuta majibu mawili nyumbani atachagua lile lenye pipi.

Mjue pia mnakubali au mnakataa kitu gani. Halloween ni mkesha. Jina lenyewe ni la mkesha wa watakatifu, kwa kuwa tarehe 1 Novemba ni Sikukuu ya Watakatifu Wote na tarehe 2 ni ya Marehemu Wote, siku ambayo Wakatoliki wa kwetu huwaombea wafu wao. Chini ya mkesha huo kuna sikukuu ya kale zaidi ya Waselti wa Ireland na Uskoti, iitwayo Samhain, ya kufunga mavuno na kuupokea msimu wa baridi. Waliamini usiku huo wafu huwa karibu na walio hai. Waairishi walipohamia Marekani kwa wingi baada ya njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845, walikuja na mila hiyo. Kwao walikuwa wakichonga tanipu, mzizi mgumu usiozidi ngumi mbili. Huku wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga, tanipu ikasahaulika.

Kuna na upande wa utundu. Mji wa Anoka, ambao kwa gari si mbali na hapa kwetu Brooklyn Park, hujiita mji mkuu wa Halloween duniani. Maandamano yao ya watoto yalianza mwaka 1920 kwa sababu moja ya kibinadamu kabisa: wakubwa walichoka na vijana waliokuwa wakifungulia ng'ombe watu usiku huo na kuwaacha wazurure katikati ya mji. Wakaona afadhali wawape shughuli.

Jirani yangu wa Kisii ni mlokole na hataki boga lenye macho lipite mlangoni kwake. Haji kuchonga. Lakini watoto wake huja kwangu wakati wa hadithi, na yeye mwenyewe hukaa kwenye kochi akisahihisha nikikosea. Rafiki yangu Mwislamu kutoka Mombasa huchukua mapishi na vitendawili, mengine anatuachia. Kila nyumba ichukue kinachoiingia. Mimi binafsi majini na mashetani siyataji usiku ule, hata kwa mzaha. Bibi alikataza, na zimwi linatosha.

Mkishakubaliana, kumbukeni taa ya barazani. Huku taa ya mlango wa mbele ikiwaka usiku huo, maana yake karibuni, kuna pipi. Ikizimwa, watoto wa mtaa hupita bila kugonga na hakuna anayeudhika. Laiti ningeambiwa hilo mapema, ile ndizi isingetoka.

Maboga matatu, si moja

Nunua kuanzia katikati ya Oktoba. Mashamba ya pembezoni mwa mji hukuruhusu kuchuma mwenyewe na kupanda trekta, na ukienda mara moja watoto watafurahi, lakini pale unalipia na trekta. Boga la kawaida chukua dukani.

La kwanza ni la kuchonga, lile kubwa la rangi ya machungwa. Ligonge, lilie kama ngoma. Bonyeza ganda kwa ukucha: likibonyea, liache. Kikonyo kiwe kibichi na kigumu, na usilibebe kwa kikonyo hicho hata likikualika, kitakatikia njiani. Liweke sakafuni pale pale dukani uone kama linakaa bila kuyumba.

La pili liwe na mdomo mpana wa kukatika kama kifuniko cha chungu. Hilo halichongwi sura. Ni la hadithi, na utaona kazi yake mbele.

La tatu ni la kula. Wengi wetu tumekosea hapa. Boga la kuchonga limezalishwa kwa ukubwa na sura, nyama yake ni maji na nyuzinyuzi, ukilipika litakukumbusha uji wa hospitali. Tafuta yale madogo mazito yanayouzwa kwa ajili ya mapishi, au nenda duka la Waasia uchukue boga la Kijapani lenye ganda la kijani kibichi, liitwalo kabocha. Hilo ndilo lililo karibu zaidi na boga la nyumbani: nyama kavu, tamu, inayoshikana.

Kuchonga, siku mbili kabla

Usichonge mapema. Boga likishakatwa huanza kunyauka na kuota ukungu ndani ya siku chache, na ukiliweka nje kindi watalitafuna mdomo. Mimi huchonga tarehe 29 au 30. Tandika magazeti jikoni, mvue mtoto nguo nzuri, kisha:

1. Kata tundu la kuingizia mkono kwa nyuma au chini ya boga, si juu. Juu pakikatwa, kikonyo hukauka na kifuniko huporomokea ndani. Ukikata chini, unaliweka tu boga juu ya taa kama kawa juu ya chakula.

2. Mbegu na nyuzi zitolewe na watoto, kwa mikono na kijiko cha chuma. Wa kwangu wa mwisho hulia kila mwaka kwamba ni kitu kinachonata, na kila mwaka hataki kumwachia mwingine. Mbegu ziweke kwenye bakuli la maji, usitupe hata moja.

3. Upande utakaokuwa uso, kwangua kwa ndani mpaka unene ubaki kama sentimita mbili na nusu. Hatua hii watu huiruka, halafu wanashangaa kisu kinakwama na mwanga hautoki.

4. Chora sura kwa kalamu nene ya wino. Macho ya pembetatu yanatosha. Ukitaka zimwi la kwetu, chora jicho moja kubwa na meno yasiyolingana.

5. Mkubwa ndiye akate, kwa kisu kidogo chenye meno ya msumeno, kile cha kuchongea maboga kinachouzwa dukani. Kisu kikali cha jikoni huteleza kwenye ganda na kuishia kiganjani. Anza na sehemu ndogo, mdomo uwe wa mwisho, kwa kuwa ukishaukata boga linalegea. Vipande visukume kutoka ndani kwenda nje.

6. Paka mafuta mazito ya mgando kingo zote zilizokatwa, ya kujipaka mwilini yanafaa, ili zisikauke upesi.

Taa iwe mshumaa wa betri. Najua mshumaa wa moto unacheza vizuri zaidi, lakini ndani ya nyumba yenye watoto waliovaa mashuka, hapana.

Boga la pili kata juu, kifuniko kipana, lisafishe ndani mpaka likauke, ufute kwa kitambaa. Lifiche mbali na macho ya watoto.

Chakula cha kutisha kutoka kwenye kabati lako

Magazeti ya huku hujaa keki za popo na biskuti za vidole vya wachawi. Usijisumbue. Jiko la Mswahili tayari limejaa vitu vya kutisha, ni kuvipa majina tu.

Ubuyu mwekundu ndio mfalme wa usiku huu. Mtoto akinyonya punje tano, midomo, ulimi na vidole ni damu tupu, na hakuna rangi ya dukani iliyowahi kushinda hiyo. Duka la Waafrika lililo karibu nawe huenda linao. Kama una mtu anakuja kutoka Zanzibar au Mombasa mwezi Septemba, muagize. Juisi ya rozela, ile ya maua makavu, ikichemshwa na tangawizi na kupoa ni damu ya zimwi kwenye jagi la kioo.

Vidole vya zimwi ni mihogo. Ya friza inafaa. Ichemshe na chumvi mpaka iive lakini isivunjike, ikatekate vipande virefu kama kidole, ikaange mpaka igeuke rangi. Kwenye ncha ya kila kipande toboa kidogo uchomeke nusu ya lozi iwe ukucha, kisha ipange kwenye sinia na pilipili ya ndimu katikati. Kama kuna mtoto wa jirani asiyeweza karanga au lozi, tumia kipande cha nazi, na muulize mama yake kabla hajafika, sio baada.

Mbegu za boga ziondoe nyuzi, zichemshe kwenye maji ya chumvi kwa dakika kumi, chuja, zikaushe kwa taulo. Zitie mafuta kidogo, chumvi na pilipili manga au bizari, zitandaze kwenye trei na kuingiza katika oveni ya nyuzi 325 za Fahrenheit, kama 160 za Selsiasi, kwa dakika ishirini hadi ishirini na tano. Zigeuze katikati. Zikianza kutoa sauti ya kupasuka, zimeiva.

Na lile boga la kula ni boga la nazi, futari ile ile tunayoijua. Kilo moja ya boga lililokatwa vipande vikubwa, na kwa kabocha ganda liache kwa kuwa hulainika. Mimina nusu ya kopo la tui la mililita 400 lililopunguzwa na kikombe cha maji, chumvi kidogo, funika, moto wa wastani. Boga likikaribia kuiva, tia sukari vijiko viwili au vitatu, iliki iliyotwangwa, na lile tui zito lililobaki. Acha litokote bila kufunika na usikoroge kwa mwiko, tikisa sufuria tu, usije ukapata rojo. Hiki hakina jina la kutisha. Ni chakula cha kutuliza matumbo kabla ya pipi, na kiliwe kabla taa hazijazimwa.

Kuhusu pipi zenyewe, neno moja kwa wasiokula nguruwe: zile laini za kuvutika na nyingi nyeupe za kufumuka zina jelatini, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe. Soma pakiti. Chokoleti za kawaida kwa kawaida hazina shida hiyo.

Mavazi

Usinunue. Kaniki au kitambaa cheusi kikifungwa begani na uso ukipakwa unga wa muhogo, tayari una mzimu. Shuka jeupe lililotobolewa macho ni mzimu wa Kizungu. Kanga iliyochakaa, mkia wa kamba ya katani na jicho moja la karatasi kwenye paji la uso, hilo zimwi. Wa kwangu mkubwa mwaka juzi aliamua kuwa daladala. Alivaa boksi lenye maandishi Posta–Mwenge na akawa anadai nauli usiku mzima. Hakumtisha mtu yeyote isipokuwa baba yake, aliyelipa.

Kuandaa giza

Tarehe 31 jua huzama hapa karibu saa kumi na mbili jioni, kama nyumbani vile, na napenda hivyo. Wiki chache nyuma lilikuwa bado juu saa hiyo, na wiki chache mbele saa kumi na moja tayari ni usiku. Sisi tunakula saa kumi na moja na nusu, tunazima taa ya barazani, tunafunga mapazia, tunatandika mkeka katikati ya sebule. Vaa soksi.

Panga taa nne au tano ndogo za betri kuzunguka mkeka. Boga lililochongwa likae dirishani likitazama ndani. Lile la pili lijaze pipi, ubuyu uliofungwa vikaratasi, na bisi ukipenda, lifunike vizuri, liweke pembeni chini ya kanga. Wakiuliza ni nini, sema hujui.

Sasa weka sheria, na sheria ni moja. Mtu yeyote, hata mdogo kuliko wote, akisema "Kumekucha!" taa kubwa inawashwa papo hapo, bila kuulizwa na bila kuchekwa. Zimwi huogopa mapambazuko. Mpe mtoto mwoga kuliko wote tochi aishike yeye. Nimeona mtoto wa miaka minne aliyekuwa akijificha kwapani kwangu, akishapewa tochi, anaanza kuwatisha wengine. Chini ya umri huo, mlaze.

Anza na mguso. Weka mabakuli ndani ya boksi lenye tundu, mtoto apitishe mkono bila kuona. Bamia zilizochemshwa na kupoa ni ute wa zimwi. Tambi baridi ni utumbo. Zabibu kubwa zilizomenywa ni macho, na kokwa za ubuyu ni meno yaliyong'oka. Katani iliyofumuliwa ni nywele zake. Mimi nimezaliwa mkoa wa mkonge na bado nikiigusa gizani ngozi inanisisimka. Usimwambie mtoto ni nini mpaka autoe mkono.

Kisha vitendawili. Mila ni kwamba ukishindwa, mtegaji anadai mji: "Nipe mji!" na wewe unamkabidhi Tanga au Kigoma au Nairobi. Sisi tunadai pipi. Vya usiku huu:

"Kitendawili!" "Tega!" "Huku ng'o, huku ng'o." Giza.
"Kila niendapo ananifuata." Kivuli.
"Nyumba yangu haina mlango." Yai.

Watoto waliozaliwa huku watashindwa mara nyingi, nawe utakuwa na rundo la pipi. Usiwahurumie. Mwaka wa pili wa kwangu walikuja wamejifunza vitendawili vipya kwa babu yao kwa simu ya video, wakanivua miji yote.

Hadithi ya boga

Hii ndiyo sababu ya jioni nzima. Wasambaa wana hadithi ya boga linalosema, na nilipoona maboga yenye macho kwenye baraza za Minnesota mwaka ule wa kwanza, Waairishi hawakunijia akilini kabisa. Nilimkumbuka bibi. Nitakupa hadithi pamoja na namna ya kuisimulia, maana nusu ya hadithi ni mikono na pumzi.

Kaa juu kidogo kuliko watoto, karibu na lile boga lililofunikwa. Uwe na sufuria tupu mapajani. Anza:

"Paukwa!" "Pakawa!" "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!"

Hapo zamani, kwenye milima ya Usambara, wavulana walikuwa wakicheza kando ya shamba. Wakaona boga limejificha chini ya majani. Mmoja akasema, "Hebu tazameni, boga hili linavyokua!" Boga likajibu: "Ukinichuma, nitakuchuma."

Maneno ya boga yasemee ndani ya sufuria, polepole, sauti ya chini. Sufuria itakupa mwangwi ambao koo lako peke yake halina.

Watoto wakakimbia nyumbani. "Mama, kuna boga linasema!" Mama akasema, "Acheni uongo, boga lina mdomo?" Dada zao wakasema twendeni tukalione. Wakaenda, wakasimama pale pale, wakasema maneno yale yale: "Tazameni, boga hili linavyokua!"

Hapa nyamaza. Inua sufuria kama unayetaka kusema, halafu usiseme. Hesabu moyoni mpaka kumi. Kimya hiki ndicho kinachowatisha kuliko yote yanayofuata, na msimuliaji mchanga hukosea kwa kukifupisha.

Boga kimya. Dada wakarudi wakiwacheka kaka zao. Lakini boga likawa linakua. Likawa kama kapu, likawa kama kibanda, likawa kama nyumba. Siku moja likajing'oa, likaanza kuviringika kuja kijijini, likameza watu.

Anza kuwataja waliomezwa, na kila jina zima taa moja. Tumia majina ya humo ndani: shangazi fulani, mjomba fulani, jirani aliyekaa kwenye kochi. Wa mwisho kumezwa awe baba. Sasa mwanga uliobaki ni wa boga la dirishani tu. Kama kuna "Kumekucha!", itatoka hapa. Washa taa, kunyweni juisi, mtoto mwenyewe akisema yuko tayari mnaendelea.

Likaisha kijiji, likaenda kujitosa ziwani. Alisalia mwanamke mmoja tu, mjamzito. Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipokua akauliza, "Mama, baba yuko wapi?" "Baba yako alimezwa na boga, mwanangu, na boga limo ziwani." Kijana akachonga upinde na mishale. Akaenda ziwani akaita, "Boga, toka!" Kimya. Akaenda ziwa la pili, akaita. Akaona kitu kinajitokeza majini. Akapanda mtini, akaita tena. Boga likaja kwa hasira, maji yakigawanyika. Akapiga mshale. Akapiga wa pili. Watoto wahesabu nawe mpaka wa kumi, kwa sauti. Boga likanguruma mngurumo uliosikika mpaka Vuga, likafa.

Mama akamwambia, "Chukua kisu, ulipasue."

Hapa vuta ile kanga. Mpe mtoto mwenye tochi mwiko uwe kisu chake. Akigusa boga, inua kifuniko. Wale watu wote wametoka: kila pipi ni mtu, na watoto wawatoe mmoja mmoja wakiwapa majina, na kila mmoja akitoka taa moja inawashwa. Watu wakauliza, "Nani ametuokoa?" Wakamfanya kijana kuwa mfalme wao.

Kwetu utoaji huo huchukua zaidi ya nusu saa, maana hugombea nani atamtoa baba.

Wakitaka kutoka

Mwaka utafika watasema wanataka kwenda kugonga milango kama wenzao. Wapeleke saa kumi na mbili, kabla ya hadithi, mtaa mmoja tu, wakiwa na tochi na kitambaa kinachong'aa mgongoni, barakoa isiyoziba macho, viatu vya kawaida. Nyumba yenye taa tu. Pipi zisiliwe njiani mpaka umezitazama. Na koti liwe chini ya vazi, sio juu, hivyo nunua vazi pana. Siku ya Halloween mwaka 1991 ilianza kuanguka theluji hapa Minneapolis ambayo kufikia tarehe 3 Novemba ilipita sentimita 70, na wenyeji waliokuwa watoto wakati ule bado wanaihadithia kama sisi tunavyohadithia mafuriko.

Kesho yake

Toa boga lililochongwa mapema. Likigandishwa na baridi kisha likayeyuka huwa tope, na tope la boga kwenye ngazi huteleza kuliko barafu. Likatekate ulifukie bustanini au uliweke kwenye pipa la taka za mboji kama mtaa wako unalo. Wengine huwapelekea wafugaji wa nguruwe na mbuzi, bora lisiwe na nta wala rangi.

Sisi tulitupa letu nyuma ya nyumba, na mbegu chache zilizotuponyoka zikaota zenyewe mwezi Juni. Mmea ukatambaa mpaka kwenye uzio, ukazaa boga moja. Mwezi Septemba nilimtuma mwanangu wa mwisho alilete. Alikwenda, akasimama mbele yake muda mrefu, akarudi mikono mitupu. Nikamtuma kaka yake. Naye akarudi mikono mitupu. Lilikaa pale pale mpaka baridi ikalimaliza.